Pua Ikibadilika Umbo: Twende Lini Zahanati?

Katika toleo hili tumeona ni vema tuzungumzie jambo ambalo wengi huona haya kulitaja mbele za watu, nalo ni mabadiliko ya umbo la pua. Mkono au mguu ukiwa na kasoro unaweza kufichwa kwa nguo, lakini pua iko katikati ya uso. Ikibadilika, kila mtu anaona, na kila mtu ana lake la kusema.

Tumesukumwa kuandika makala haya na mzee mmoja. Tulikuwa tumemaliza semina ya afya katika kijiji kimoja cha huku milimani, na watu walikuwa wameanza kutawanyika kwenda kuchuma maharage. Mzee huyu alibaki kwenye benchi la nyuma kabisa, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Tulipomwamkia akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu, "Wanangu, pua yangu haikuwa hivi." Mgongo wa pua yake ulikuwa umebonyea kama tandiko. Alitueleza kwamba ilianza kwa kuziba tu. Baadaye yakaja magamba na damu kidogo kila asubuhi. Nyumbani walidhani ni baridi ya milimani, wakampa majani ya kujifukiza. Miaka ikapita. Ndugu wengine wakasema amerogwa. Alipofikishwa kwa daktari aligundulika ana ukoma, akatibiwa, akapona. Lakini pua haikurudi. Kisha akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulikwepa: "Kama ningejua mapema, ningebaki na pua yangu?"

Jibu la kweli ni kwamba, kwa sehemu kubwa, angebaki nayo. Ndiyo maana tunaandika.

PUA IMEJENGWAJE?

Ili tuelewe kwa nini pua hubonyea au kuvimba, tujue kwanza ilivyojengwa. Sehemu ya juu ya pua, karibu na macho, ni mfupa. Sehemu ya chini inayochezacheza ukiishika ni gegedu, yaani kitu kigumu kidogo lakini chenye kunyumbuka, kama kile kilichomo ndani ya sikio. Katikati kuna ukuta unaotenganisha matundu mawili, nao umefunikwa pande zote na utando laini wenye unyevu. Ukuta huo ndio nguzo inayoshikilia paa la pua.

Jambo la kukumbuka ni hili: gegedu haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na ule utando unaoifunika. Utando ukiharibika au ukiachana na gegedu, gegedu hukosa chakula na kufa. Nguzo ikianguka, paa nalo hubonyea. Iwe chanzo ni ajali au ugonjwa, mara nyingi hivi ndivyo pua inavyopoteza umbo lake.

MABADILIKO YASIYO YA KUTISHA

Si kila badiliko ni ugonjwa. Kadiri mtu anavyozeeka, gegedu na ngozi hulegea, na ncha ya pua hushuka kidogo. Pua ya mzee huonekana ndefu kuliko alivyokuwa kijana. Hilo ni umri tu.

Mama mjamzito naye anaweza kuona pua yake imenenepa au inaziba, hasa miezi ya mwisho. Damu nyingi zaidi hupita mwilini wakati wa ujauzito, na utando wa pua huvimba. Baada ya kujifungua hali hurudi yenyewe. Lakini akina mama wasikilize vizuri hapa: kama uso wote au mikono inavimba ghafla, na kuna maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu au maumivu ya tumbo sehemu ya juu, hiyo si pua ya ujauzito. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja. Mama huyo apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

Mtoto mchanga huweza kuzaliwa na pua iliyobonyea au kulala upande kwa sababu ya kubanwa njiani wakati wa kuzaliwa. Mara nyingi hujinyoosha yenyewe baada ya siku chache. Wapo wanaobana na kuvuta pua ya mtoto kila anapoogeshwa ili iwe ndefu. Tunawasihi waache. Umbo la pua mtoto hurithi kwa wazazi wake, na kuvuta hakuongezi kitu. Tena mtoto mchanga hutegemea sana pua katika kupumua, hivyo kumbana pua ni kumnyima hewa. Ikiwa pua ya mchanga haijanyooka, au anapata shida kupumua wakati wa kunyonya, aonwe na mhudumu wa afya.

AJALI: SAA ZA KWANZA NI MUHIMU

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto ina kona nyingi, na pikipiki ni nyingi. Wengine huteleza kwenye njia za mashambani wakiwa na mzigo wa kuni, na vijana huumizana kwenye mpira. Pua, kwa kuwa imetokeza, huumia haraka.

Mtu akiumia pua na damu inatoka, mketishe wima, ainamishe kichwa mbele kidogo, kisha abane sehemu laini ya pua kwa vidole kwa dakika 10 bila kuachia, akipumua kwa mdomo. Asiinamishe kichwa nyuma, maana damu huingia kooni na tumboni. Damu ikiendelea zaidi ya nusu saa, apelekwe kituo cha afya.

Damu ikishakata, mwangalie ndani ya pua kwa tochi. Ukiona uvimbe laini wa rangi nyekundu au ya zambarau kwenye ukuta wa kati, na mgonjwa anasema pua imeziba kabisa, usisubiri kesho. Inawezekana damu imevilia kati ya utando na gegedu. Kama tulivyoeleza, gegedu iliyoachana na utando hukosa chakula. Damu hiyo isipotolewa mapema, inaweza kugeuka usaha, na baada ya wiki chache pua hubonyea. Kuitoa ni kazi ndogo kwa daktari ikifanywa siku hiyo hiyo. Kurekebisha pua iliyokwisha kubonyea ni upasuaji mkubwa. Watoto waangaliwe zaidi, kwa sababu huanguka mara kwa mara na hawajui kueleza.

Pua iliyovunjika na kupinda inaweza kunyooshwa bila upasuaji mkubwa kama mgonjwa atafika mapema: kwa mtu mzima ndani ya wiki mbili hivi, na kwa mtoto ndani ya wiki moja, kwani mifupa yake huunga haraka. Ikiwa baada ya kuumia kichwa pua inatoa maji meupe kama ya kunywa, au mtu anasinzia, anatapika au anachanganyikiwa, hiyo ni dharura kubwa. Apelekwe hospitali bila kuchelewa.

UKOMA: UNAOANZA KAMA MAFUA

Sasa tuje kwenye ugonjwa uliomtesa mzee wetu. Ukoma husababishwa na bakteria waliogunduliwa na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, mwaka 1873. Ndiyo maana wengine huuita ugonjwa wa Hansen. Si laana, si uchawi, wala haurithiwi.

Bakteria hao hupenda sehemu za mwili zilizo baridi kidogo: ngozi, masikio, mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi, na pua, ambayo hupitiwa na hewa baridi mchana na usiku. Katika ukoma wenye vimelea vingi, huzaana kwa wingi kwenye utando wa pua. Utando huvimba na pua huziba. Kisha hutokea magamba, damu kidogo na wakati mwingine harufu. Baadaye ukuta wa kati hutoboka, gegedu na mfupa mdogo unaoishikilia huliwa, na mgongo wa pua hubonyea. Safari hii yote huchukua miaka. Maana yake ni kwamba kuna miaka ya kuizuia.

Dalili nyingine zinazokwenda pamoja nayo ni hizi: baka kwenye ngozi lililopauka au jekundu ambalo haliwashi wala haliumi, nyusi kupukutika, masikio kuwa manene au kuwa na vinundu, ganzi mikononi au miguuni, na kuungua moto jikoni bila kusikia maumivu. Njia rahisi ya kupima ni kumwomba mtu afumbe macho, umguse juu ya baka kwa kipande cha pamba, naye aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Kama hasikii, aende zahanati. Lakini tahadhari: katika ukoma wa vimelea vingi baka linaweza kuwa bado lina hisia. Hivyo mtu mwenye pua iliyoziba kwa miezi pamoja na vinundu vya masikio asijipe moyo kwa sababu tu anasikia pamba.

Ukoma huambukizwa kwa hewa kutoka puani na mdomoni mwa mgonjwa ambaye hajatibiwa, tena kwa kukaa naye karibu kwa muda mrefu. Hauambukizwi kwa kupeana mkono, kula pamoja wala kukaa benchi moja. Watu wengi sana wana kinga ya asili dhidi yake. Dalili huchukua kama miaka 5 kujitokeza, na wakati mwingine hata 20. Kwa sababu hiyo, mgonjwa akigundulika, watu wa nyumbani kwake wote wachunguzwe.

DAWA IPO NA NI BURE

Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ukoma utibiwe kwa dawa za mchanganyiko badala ya dawa moja. Mgonjwa hunywa dawa kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ukoma alionao, tena akiwa nyumbani kwake. Mara baada ya kuanza dawa, haambukizi tena wengine. Dawa hizo hutolewa bila malipo. Mkojo kuwa mwekundu na ngozi kuwa nyeusi zaidi ni mambo ya kawaida ya dawa hizo, na si sababu ya kuziacha.

Nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha kimataifa cha chini ya mgonjwa mmoja katika kila watu 10,000. Tunamshukuru Mungu na wote waliofanya kazi hiyo. Lakini kufikia kiwango hicho si kumaliza ugonjwa. Zaidi ya wagonjwa wapya 1,000 wameendelea kugunduliwa nchini katika mwaka mmoja. Na hatari ya ugonjwa kuwa adimu ni kwamba watu husahau sura yake. Mhudumu kijana huenda hajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo ukienda zahanati, usiishie kusema "nina mafua". Sema: "Pua imeziba miezi mitatu, natoka magamba na damu, na nina baka hapa." Kila wilaya ina mratibu wa kifua kikuu na ukoma, na zahanati inaweza kukuelekeza kwake.

Wakati wa matibabu au hata baadaye, mwili unaweza kushtuka: mabaka yakawa mekundu na kuvimba, mishipa ya fahamu ikauma, mkono ukakosa nguvu. Hapo mgonjwa arudi haraka, kwa sababu kuna dawa ya kuzuia ulemavu.

MAGONJWA MENGINE YA KUZINGATIA

Kaswende. Mama mwenye kaswende asiyetibiwa anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Mtoto huyo huweza kutoka kamasi nyingi zenye damu na baadaye kubonyea pua. Kipimo cha kaswende hufanywa kliniki ya wajawazito, na tiba ni sindano. Baba na mama waende pamoja.

Saratani ya ngozi. Kidonda au kinundu puani kisichopona kwa wiki 4 kionwe na daktari. Ndugu zetu wenye ualbino wako katika hatari kubwa zaidi. Huku kwetu Lushoto, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ya baridi hutudanganya kwamba jua si kali, kumbe milimani miale ya jua huunguza zaidi. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni lazima. Wazazi na walimu walizingatie hili kwa watoto wenye ualbino, hasa saa za michezo na kazi za shamba.

Vinyama na uvimbe wa ndani. Pua inayopanuka pole pole, kuziba na kupoteza uwezo wa kunusa inaweza kuwa na vinyama. Uvimbe wa upande mmoja tu, unaotoa damu, uchunguzwe haraka zaidi.

Kitu kilichokwama. Mtoto anayetoka usaha wenye harufu mbaya kwenye tundu moja tu la pua, mara nyingi ameingiza punje ya harage, hindi au shanga. Usichokonoe, utakisukuma ndani. Mpeleke zahanati. Betri ndogo ya saa ikiingia puani ni dharura, kwani huunguza utando na kutoboa ukuta kwa muda wa saa chache.

Noma. Huu ni ugonjwa unaowapata hasa watoto wadogo wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au malaria. Huanza kama kidonda kwenye ufizi, na kwa siku chache tu huweza kula shavu na pua. Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika Desemba 2023. Mtoto mwenye fizi zinazooza na shavu kuvimba apelekwe siku hiyo hiyo.

Mkorogo. Krimu za kujichubua huweza kuifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba, kuota chunusi na mishipa myekundu. Nyingine zina zebaki inayoharibu figo.

KWA UFUPI: NENDA LINI?

Nenda leo hii ikiwa:
1. Umeumia pua, imeziba kabisa na kuna uvimbe ndani ya ukuta wa kati.
2. Damu haikati kwa nusu saa, au maji meupe yanatoka baada ya kuumia kichwa.
3. Pua na eneo la macho vimevimba kwa ghafla, pamoja na homa au kuona vibaya.
4. Mjamzito amevimba uso na kichwa kinamuuma sana.
5. Mtoto ana betri puani, au ana kidonda kinachooza mdomoni.

Nenda ndani ya siku chache ikiwa:
1. Pua imepinda baada ya kuumia.
2. Mtoto anatoka usaha upande mmoja.

Nenda wiki hii, usingoje mavuno, ikiwa:
1. Pua imeziba, ina magamba au damu kwa zaidi ya wiki 4.
2. Kuna kidonda au kinundu kisichopona.
3. Mgongo wa pua unabonyea au pua inapanuka bila sababu.
4. Una baka lenye ganzi, nyusi zinapukutika au masikio yana vinundu.

Anza na zahanati iliyo karibu. Ikibidi, watakupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, Hospitali ya Bumbuli, au Bombo mjini Tanga. Hospitali kubwa kama KCMC Moshi na Muhimbili Dar es Salaam zina madaktari bingwa wa pua, masikio na koo. Pua iliyokwisha kubonyea huweza kujengwa upya kwa upasuaji baada ya ugonjwa kuisha, lakini ni safari ndefu yenye gharama ya nauli na malazi. Kuwahi ni nafuu.

WAJIBU WETU

Katika Biblia neno ukoma limetajwa mara nyingi, na wengi wetu tumelichukua kama neno la hukumu. Ieleweke kwamba kitabu cha Mambo ya Walawi hulitumia neno hilo hata kwa madoa ya nguo na kuta za nyumba. Maana yake ni kwamba halikuwa jina la ugonjwa huu mmoja tu. Nasi tukumbuke kwamba Bwana Yesu alipojiwa na mwenye ukoma, alinyoosha mkono akamgusa kabla hajaambiwa na mtu kwamba ni salama. Sisi tunajua kwamba ni salama. Tuna udhuru gani?

Tunawaomba wachungaji, wainjilisti, mashehe na wenyeviti wa vijiji watangaze habari hizi katika ibada na mikutano. Vikundi vya akina mama vichangie nauli ya jirani anayeogopa kwenda peke yake. Na tuache kutumia neno mkoma kama tusi. Tuseme mtu aliyeugua ukoma, kwa sababu akitibiwa hupona, na jina halipaswi kubaki wakati ugonjwa umeondoka.

Mzee wetu tulimjibu ukweli, naye akanyamaza kidogo. Kisha akatuambia kwamba ana wajukuu wanne nyumbani, na kwamba mmoja ana baka mgongoni ambalo haliwashi. Kesho yake asubuhi walifika zahanati wote watano.